Majibu Mawili Kuhusu Dinosaria

Kwa akina Kunegunda, Jumamosi haina usingizi wa ziada. Mama yake hugonga sufuria kwa mwiko, na hiyo ndiyo kengele ya kuamka. Kunegunda hufagia uwanja, huosha vyombo vilivyolala, hunywa uji wake haraka haraka, kisha hukimbilia kigangoni, kanisa dogo la mtaa wao, kwenye mafundisho ya Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Nyumba yao ipo Lizaboni, Songea mjini, na kanisa la kigango lipo juu kwenye kilima. Ukichelewa, kila mtu anakuona unavyopanda ukihema. Mzee Valence, katekista wao, hapendi kabisa wachelewaji. Husimama mlangoni, mikono nyuma, akakusubiri ufike ndipo akuulize kama kwenu hakuna jogoo.

Siku za kazi Mzee Valence alikuwa fundi baiskeli. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka hata ukisugua kwa mchanga, na kwa vidole hivyohivyo alifunua Biblia polepole, kwa ncha tu, asije akaichafua. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa mtu anayekupenda. Nyumba ikipata msiba, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nusu ya vijana wa mtaa ule aliwafundisha sala ya Baba Yetu kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Na Kunegunda alikuwa kipenzi chake. Tuseme ukweli, alikuwa kipenzi cha kila mtu mzima. Mtoto huyu wa darasa la sita alikuwa na kipaji kimoja: akikutazama usoni mara moja tu, anajua unataka kusikia nini, na hapohapo anakupa. Mama akitaka kusikia kuwa mboga imeiva, basi imeiva, hata kama inagongana mdomoni. Majirani waliita hiyo ni adabu. Kunegunda naye aliamini kuwa ni adabu. Sasa sikilizeni jinsi adabu ya namna hiyo ilivyomfikisha pabaya.

Wiki ile, shuleni, Mwalimu Dorine wa sayansi alifundisha somo la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe ardhini. Alibandika ubaoni picha za dinosaria, wale wanyama wakubwa waliotoweka zamani sana, na darasa zima likasema, "Haaa!" Akawaambia kuwa hata hapa kwetu kusini mifupa kama hiyo imechimbwa, na kwamba mijusi mikubwa ya Lindi ilisafirishwa mpaka Ujerumani.

"Mwalimu, zamani sana ni lini?" Otto akauliza. Otto alikuwa jirani yake Kunegunda, na alikuwa mtu wa kuuliza.

"Chukueni barabara ya kwenda Njombe," Mwalimu Dorine akasema. "Dunia imezaliwa hapa Songea, stendi. Sasa tunasafiri. Tunafika Madaba, bado hakuna hata mnyama mmoja. Tunaendelea weee. Dinosaria wanaonekana tukiwa tumeshakaribia Njombe, na wanakufa wote zikiwa zimebaki kilomita tatu hivi. Sisi binadamu tunatokea pale basi linapoingia getini, konda ameshaanza kushusha mizigo."

Darasa likacheka. Kunegunda ndiye aliyecheka kuliko wote, maana alipenda. Safari hii hakuwa anampendeza mtu. Alipenda kweli. Mwalimu alipoomba mtu achore dinosaria, yeye ndiye aliyekwenda ubaoni, akachora mkia mrefu mpaka ukafika kwenye fremu ya dirisha. "Mwalimu," akasema, chaki ingali mkononi, "nikikua nitachimba visukuku." Mwalimu Dorine akafurahi, akamkumbatia mbele ya wenzake.

Lazima mjue kwamba Mwalimu Dorine hakuwa mwalimu wake tu. Ndiye aliyekubali kuwa msimamizi wake wa Kipaimara, yaani mtu mzima atakayesimama naye mbele ya Baba Askofu na kumlea katika imani. Mwalimu alisali kanisa kubwa la parokia, kule katikati ya mji, alikokuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya. Watu wa kigango cha Lizaboni, ukimtoa mama yake Kunegunda, hawakumjua.

Basi, Jumamosi ikafika. Mzee Valence alikuwa ametoka kidogo kuchukua chaki, na Otto akapata nafasi ya kurukaruka kati ya mabenchi akinguruma, mikono ameikunja kifuani kama makucha.

"Nani anayenguruma ndani ya nyumba ya Bwana?" sauti ikatoka mlangoni.

Otto akaganda. "Mimi, katekista. Nilikuwa dinosaria."

"Dino nani?"

Watoto wakaeleza wote kwa pamoja, kila mtu na lake: meno, mikia, mamilioni ya miaka, wote wamekufa. Mzee Valence alisikiliza amekunja uso. Akafunua Biblia, kitabu cha Mwanzo, akasoma kwa sauti habari za siku ya tano na ya sita, wanyama wa majini na wa nchi kavu, kila mmoja kwa namna yake, na Mungu akaona kuwa ni vyema. Kisha akaifunga.

"Wako wapi hapo hao wa kwenu?" akauliza. "Na kama walikuwapo, Mungu akawatazama akaona ni vyema, halafu akawafutilia mbali wote? Mungu ni fundi wa kujifunza, akikosea anatupa vyuma?"

Hakuna aliyecheka. Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Mimi nimezika watu wengi kwenye mtaa huu," akasema. "Nimezika mke wangu. Mbele ya kila kaburi nimewaambia waliobaki kwamba Mungu hamsahau hata mmoja. Hata mmoja! Leo mnaniambia kuna umati mzima wa viumbe alioufanya kwa mikono yake akaufunika kwa udongo? Niwaambie nini watu mimi?"

Kunegunda alimtazama usoni. Alimwona mzee akihangaika kwa kweli, midomo ikimcheza, akasikia vibaya mno moyoni. Alitamani kumpa kitu cha kumtuliza. Na kitu kilichokuwa karibu, kama kawaida yake, kilikuwa jibu zuri.

"Katekista," akasema akisimama, "mimi nilimkatalia mwalimu. Nilisimama darasani nikasema hayo ni ya uongo, mimi namwamini Mungu."

Uso wa Mzee Valence ukafunguka. "Ulisema hivyo, mwanangu? Mbele ya wote?"

"Ndiyo, katekista."

Akamwekea mkono kichwani. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Akawageukia watoto akasema kwamba siku ya Kipaimara huyu ndiye atakayesoma somo la kwanza mbele ya Baba Askofu, na somo lenyewe litakuwa Mwanzo, sura ya kwanza. Kunegunda alikaa chini, hajui kama ni furaha au ni nini.

Njiani kurudi nyumbani Otto alitembea naye bila kusema, jambo ambalo kwa Otto ni kama ugonjwa. Walipofika kona akashindwa kuvumilia.

"Ulimkatalia mwalimu lini wewe? Si ndiye uliyechora mkia ukafika dirishani?"

"Nyamaza, Otto."

"Nanyamaza. Mimi simwambii mtu." Akapiga jiwe teke. "Lakini mwenzangu, pale umedanganya kanisani."

Kunegunda aliongeza mwendo. Alijipa moyo kwamba ni neno dogo, limempa mzee usingizi, halijamdhuru mtu, litakwisha lenyewe. Masikini, hakujua kwamba mtu mwenye furaha hawezi kukaa na habari njema peke yake.

Katikati ya wiki jumuiya, yaani familia jirani za kigango zinazosali pamoja, ilisali nyumbani kwa akina Kunegunda. Mama yake alipanga viti uani, akatandika mikeka, akatayarisha togwa kwenye ndoo safi. Watu waliimba, wakasali, wakasoma Injili. Ulipofika muda wa matangazo, Mzee Valence akainuka. Alisimulia yote, na kwa jinsi alivyosimulia, Kunegunda alikuwa amesimama darasani peke yake dhidi ya mwalimu mwenye hasira, tena fimbo mkononi. Watu wakapiga makofi. Mama alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tangu baba yake Kunegunda aende kufanya kazi Tunduru, mama hakuwa amepigiwa makofi na mtu yeyote kwa jambo lolote.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Hilda, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye sauti inayofika barabarani. "Ni mwalimu gani huyo anayewafundisha watoto wetu kumkana Mungu?"

"Mwalimu wa sayansi," Mzee Valence akajibu.

"Wa sayansi?" Mama yake Kunegunda akashtuka. "Si ni Mwalimu Dorine? Kune, si ndiye Mwalimu Dorine, msimamizi wako?"

Hapo uani pakachafuka. Kila mtu alisema lake. Mama Hilda alipiga mapaja yake kwa viganja. "Yaani mtu huyohuyo ndiye asimame na mtoto mbele ya Askofu? Haiwezekani! Suala hili lifike kwa Padre. Na mkuu wa shule naye aambiwe."

Kunegunda alikuwa amesimama karibu na ndoo ya togwa, kata mkononi. Alifungua mdomo. Aliwatazama: mama yake aliyekuwa akijivuna bado, Mzee Valence aliyemtikisia kichwa cha kumtia moyo, Mama Hilda aliyesubiri. Wote walitaka kusikia kitu kimoja. Alitafuta neno la kuwaambia bila kumwumiza hata mmoja wao, akalikosa. Akafunga mdomo, akainama kuchota togwa, na togwa yenyewe ikamwagika miguuni mwa wageni.

Kesho yake shuleni Mwalimu Dorine alimwita chini ya ukuta wa maktaba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kune, nimepigiwa simu na mama mmoja wa jumuiya yenu. Amenisema vibaya sana. Anasema nafundisha watoto kumkana Mungu, na kwamba kuna mtoto alisimama akanikatalia, nikataka kumchapa. Mimi simkumbuki mtoto huyo. Wewe unamkumbuka?"

"Hapana, mwalimu." Kunegunda alitazama viatu vyake. "Simkumbuki."

"Basi wameyatoa wapi maneno haya?"

Na hapo, jamani, badala ya kutoka shimoni, mtoto akazidi kuchimba. "Ni yule katekista, mwalimu. Hajui kitu. Ni fundi baiskeli tu. Mimi hata simsikilizi."

Mwalimu Dorine alivuta pumzi. "Usimseme mzee hivyo. Sikukufundisha hivyo, na yeye hakukufundisha hivyo." Akapangusa macho. "Mimi nasali, Kune. Ninaimba kwaya tangu nikiwa mdogo kama wewe. Wakinikataa mbele ya Padre, uso wangu nitauweka wapi? Hata hivyo Jumamosi nitakuja kwenye maswali yako. Sikuachi peke yako."

Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Ilikuwa desturi ya parokia yao kwamba kabla ya Kipaimara kila mtoto anaulizwa maswali na Padre, huku mzazi ameketi upande mmoja, msimamizi upande wa pili, na katekista mbele yao. Kunegunda alifikiria chumba kile. Mzee Valence atakuwapo. Mwalimu Dorine atakuwapo. Alikuwa na majibu mawili, la huyu na la yule, na kila moja lilikuwa zuri likiwa peke yake. Lakini mdomo alikuwa nao mmoja.

Ijumaa hakula. Jumamosi alijaribu kuumwa tumbo. Alijikunja kitandani, akagugumia vizuri kabisa. Mama akasikitika, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha mwarobaini uliochemka ukawa mweusi. Kunegunda alikunywa wote mpaka tone la mwisho, machozi yakimtoka, na ulipokwisha mama akasema, "Haya, sasa utapata nguvu. Twende kwa Padre." Akatembea nyuma ya mama yake kuelekea parokiani, uchungu ukiwa bado kooni, bila njia ya kurudi nyuma wala ya kupita pembeni.

Padre Saimon alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi kidogo. Otto alitoka mle ndani anacheka, maana alikuwa amejibu yote. Alipopishana na Kunegunda mlangoni akaacha kucheka. "Pole," akamnong'oneza.

Ndani kulikuwa kama alivyoogopa. Mama alikaa huku, Mwalimu Dorine kule. Mzee Valence alikaa mbele kwenye kiti cha mbao, amevaa koti lake la Pasaka. Hakumtazama mwalimu, na mwalimu hakumtazama yeye.

"Tumsifu Yesu Kristo," Padre akasema.

"Milele na milele, amina."

"Kabla ya maswali ya mtoto," Padre akaendelea, "nimeletewa neno kutoka jumuiya. Mzee Valence, sema mwenyewe."

"Padre, mimi sina ugomvi na dada huyu," Mzee Valence akasema. "Lakini mtoto ni shahidi. Alisimama darasani akalitetea neno la Mungu, na mwalimu wake akataka kumwadhibu."

"Si kweli!" Mwalimu Dorine aliinuka nusu. "Samahani, Padre. Nimefundisha somo lililomo kwenye kitabu. Hakuna mtoto aliyenikatalia. Kune alikuwapo, na ndiye aliyefurahi kuliko wote. Muulizeni yeye."

"Ndiyo, muulizeni yeye," Mzee Valence akasema.

Wote wanne wakamgeukia. Kunegunda alimtazama Padre, akitafuta usoni mwake jibu analolitaka. Padre alikohoa tu. Akamtazama mama, akamtazama mwalimu, akamtazama mzee. Kila uso ulimwomba kitu, na kila alichokuwa nacho kilikuwa cha kumwumiza mtu. Alitamani dari lidondoke. Dari halikudondoka.

"Sikusema," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Hukusema nini?" Padre akauliza.

"Sikumkatalia mwalimu. Nilichora dinosaria ubaoni. Nilisema nitachimba visukuku." Maneno yalikuwa yakitoka sasa pamoja na kwikwi. "Katekista alikuwa anaumia, nikataka asiumie. Halafu watu wakapiga makofi. Halafu mwalimu akaniuliza, nikamwambia katekista hajui kitu, ni fundi baiskeli tu. Nimedanganya huku na huku. Wao hawana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Mama yake alijifunika uso kwa kitenge. Mwalimu Dorine aliweka mkono mdomoni. Mzee Valence alibaki ameketi, mikono yake myeusi juu ya magoti.

"Nimekutangaza jumuiya nzima," akasema mzee taratibu. "Nimelala vizuri wiki nzima kwa ajili ya neno lako." Akainuka, akatoka nje barazani.

Kunegunda alitaka kumkimbilia. Padre akamzuia kwa mkono. "Mwache." Wakakaa hivyohivyo. Hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza viatu vya mzee vikienda na kurudi barazani. Kunegunda hajawahi kujiona mdogo na asiye na msaada kama alivyojiona pale. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli haukuwa umemfuta machozi mtu yeyote.

Mzee aliporudi hakukaa. Alimgeukia mwalimu kwanza. "Mwalimu, nimekusema pasipo kukuuliza. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee wangu," Mwalimu Dorine akajibu. "Na shikamoo. Tangu tumeingia sijakusalimia."

"Marahaba." Kisha akamgeukia Padre. "Lakini hao wanyama, Padre. Mtoto amedanganya, sawa. Je, mwalimu naye anasema kweli? Maana kama ni kweli, siku sita nizipeleke wapi?"

Padre Saimon alifungua Biblia iliyokuwa mezani. "Jua liliumbwa siku ya ngapi, mzee?"

"Ya nne." Alijibu bila kusoma.

"Sasa siku tatu za kwanza zilihesabiwa kwa jua lipi?"

Mzee Valence alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia cha tatu. Alikuwa amesoma sura ile tangu ujana wake, na Kunegunda aliona jinsi swali lile lilivyomwingia.

"Kanisa halitulazimishi kuzihesabu kwa saa," Padre akasema. "Mwandishi hakuwa anatuandikia kitabu cha mawe na mifupa. Alikuwa anatuambia ni nani aliyefanya vitu vyote, na kwamba alivipenda. Mwalimu akichimba na kukuta Mungu alichukua muda mrefu, Mungu hapungui. Mimi huona kazi yake imekuwa kubwa zaidi."

"Kazi nzuri huenda polepole, hilo mimi fundi nalijua," Mzee Valence akasema, nusu anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini kufa kwao, Padre. Wote. Akaona ni vyema, halafu akawaacha wafe. Kwa nini?"

Mwalimu Dorine akasema wataalamu wanaamini jiwe kubwa lilianguka kutoka angani, moshi na vumbi vikaziba jua, majani yakafa, na wanyama wakafa kwa njaa. Mzee alisikiliza kwa heshima. "Hiyo ni namna walivyokufa," akasema. "Mimi nauliza kwa nini."

Padre alifunga Biblia. Akakohoa. "Hilo sijui, mzee."

"Hujui?"

"Sijui. Naamini hakuwasahau, kama unavyowaambia watu makaburini, na unawaambia vyema. Lakini ukiniuliza sababu, sijui."

Kunegunda aliinua kichwa. Hakuwahi kumsikia mtu mzima, tena Padre, akisema neno hilo bila kuongeza kitu cha kulipendezesha. Mzee Valence naye alimtazama Padre kwa muda mrefu. Kisha akaketi, kama mtu aliyetua mzigo ingawa safari haijaisha.

Padre akasema Kunegunda atapata Kipaimara, na Mwalimu Dorine atamsimamia, akikubali bado. Mwalimu akakubali. Kuhusu somo la kwanza, akasema hilo ni la katekista.

"Hatasoma," Mzee Valence akasema. Mama akafungua mdomo kumwombea, mzee akatikisa kichwa. "Hatasoma, mama yangu. Nilimpa kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya. Atasoma Otto. Na jumuiya ikikutana, mtoto atasimama mwenyewe aseme, kama nilivyosimama mimi."

Otto! Otto husoma kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Lakini nani angebisha?

Jumuiya ilikutana kwa Mama Hilda. Kunegunda alisimama katikati ya uwanja, Mwalimu Dorine akiwa mgeni wa siku hiyo, ameketi kwenye mkeka kati ya akina mama waliokuwa wakimkwepa macho. Kunegunda alisema yote. Safari hii hakupigiwa makofi. Mama Hilda, yule mwenye sauti inayofika barabarani, alikosa sauti kabisa. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mwalimu, akamshika mikono miwili, na mwalimu akamwinua. Watoto wengine walicheka pembeni, wakamwita Kunegunda "shahidi". Walimwita hivyo siku nyingi, na hakuwa na cha kuwafanya.

Sala ilipokwisha Mzee Valence aliwaita watoto wote wa Kipaimara, akawakalisha karibu yake.

"Mimi sikuumizwa na dinosaria," akawaambia. "Niliumizwa na jibu tamu. Mtoto huyu alinionea huruma, na huruma ni kitu kizuri. Lakini alinipa uongo nishikilie, nami nikaenda kumpiga nao mtu asiye na kosa. Mkimpenda mtu, mwambieni kweli. Akilia, kaeni naye alie. Na msilolijua, semeni hamlijui. Swali gumu si dhambi, watoto wangu. Dhambi ni kulifunika kwa uongo ili tupendwe."

Aliwaruhusu waende. Kunegunda akabaki, anakusanya mikeka, maana hakujua afanye nini na mikono yake. Mzee alikuwa akifunga koti lake.

"Kune."

"Abee, katekista."

"Hao wakubwa kabisa. Mchana kutwa walikuwa wanakula nini hata wakashiba?"

Mwalimu Dorine alikuwa ameshaondoka. Kunegunda alifikiri. Angeweza kusema majani ya mgomba, angeweza kusema samaki, mzee angekubali lolote.

"Sijui, katekista," akasema.

Mzee Valence akachukua mkeka mmoja kutoka mikononi mwake, akaukunja, akauweka begani.

"Hilo," akasema, "naliamini."